Uzi: Fedha za kidonda cha mguu zinaishia kwenye gozi na dawa, kinachoponya ni kubana. Nani analipia bandeji?

MuuguziVidonda (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kazi yangu ni kuuguza vidonda vya miguu, hasa donda ndugu, yale yanayokaa mwaka na miaka mpaka watu wa nyumbani wanayazoea. Nimeleta uzi huu kwa sababu moja. Fedha za wagonjwa wengi zinakwisha kwenye gozi (vitambaa vya kufunikia kidonda) na vitu vingine vinavyowekwa juu ya kidonda, na siku zinapohitajika kwa kitu kinachokifunga, yaani kuubana mguu, hazipo tena. Bima nazo sehemu nyingi zinakwenda njia hiyohiyo: antibiotiki inalipwa bila maswali, gozi ya bei kubwa inalipwa, bandeji ya kubana inahesabiwa kuwa kitu cha hiari.

Ngoja nieleze kwanza kinachotokea ndani ya mguu, maana bila hapo hesabu haieleweki. Vidonda vingi vya chini ya goti vinatokana na vena. Vena ndizo zinazorudisha damu kwenye moyo, na ndani yake mna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vilango vikilegea, au vikiharibiwa na damu iliyowahi kuganda, damu inatuama mguuni. Shinikizo linapanda, maji yanavujia kwenye nyama, ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha. Baadaye mkwaruzo mdogo tu unafunguka na haufungi. Mara nyingi ni upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Hakuna dawa ya kupaka inayogusa shinikizo hilo. Bandeji inayobana sawasawa inaligusa. Inazipunguza upana vena zilizotanuka, inarudisha maji yaliyovuja, na inaupa msuli wa shavu la mguu kitu cha kusukuma kila mtu anapopiga hatua. Kipimo kinacholengwa ni kama milimita 40 za zebaki (vipimo vilevile vya shinikizo la damu) kwenye kifundo, kikipungua kuelekea goti.

Sasa fedha. Mwaka 2009 yalitoka majibu ya jaribio la Uingereza liitwalo VULCAN. Wagonjwa 213 waligawanywa makundi mawili, huku miguu ikibanwa: kundi moja gozi zenye madini ya fedha, jingine gozi za kawaida zisizonata. Uponaji haukutofautiana. Gharama ilitofautiana, na gozi za madini ya fedha ndizo zilizokuwa ghali. Mwaka mmoja kabla, New Zealand walishajaribu gozi zilizotiwa asali kwa wagonjwa 368 waliobanwa miguu, wakalinganisha na huduma ya kawaida. Asali haikuharakisha kupona kwa kiasi cha kutegemewa, na waliopewa asali walipata maudhi zaidi. Mwaka 2011 Uingereza tena, wagonjwa 337, safari hii mawimbi ya sauti ya nguvu ndogo yaliongezwa juu ya huduma ya kawaida. Hayakusaidia, yakaongeza gharama.

Ukiyaweka pamoja unaona kwamba kilichofanya kazi katika makundi yote ni kile kilichokuwa kimeshafungwa mguuni. Kinachowekwa juu ya kidonda chenyewe kinatakiwa kunyonya majimaji na kisinate, basi. Gozi rahisi inatosha kwa vidonda vingi.

Karibuni tuchangie. Walioishi na jambo hili mguuni au nyumbani, naomba sana mseme.

BintiMlezi

Dada muuguzi, shukrani kwa uzi huu. Mimi namuuguza mama. Kidonda kipo mahali hapohapo ulipotaja, upande wa ndani juu ya kifundo. Bandeji tunanunua zile za krepu, za rangi ya ngozi, zinazouzwa kila duka la dawa. Asubuhi namfunga vizuri kabisa, ikifika mchana imeshuka yote imejikusanya kwenye kifundo kama bangili, na juu yake mguu umevimba. Tumenunua nyingi mno. Ndiyo hiyo bandeji unayoisema?

MuuguziVidonda

Hapana, dada yangu, na asante kwa kuuliza, maana hapo ndipo fedha za familia nyingi zinapopotelea. Krepu peke yake ni ya kushikilia gozi na kutuliza kifundo kilichoteguka. Haifikii mgandamizo unaotakiwa, na kile kidogo inachotoa kinapungua baada ya muda mfupi. Ikijikusanya sehemu moja inabana kama kamba na kuzuia maji yaliyo chini yake, ndiyo maana unaona uvimbe. Usimfunge tena hivyo mpaka apimwe mtiririko wa damu, nitalieleza hilo chini.

Vifaa vya kubana hasa viko vya aina kadhaa, na kila kimoja kina hesabu yake.

Bandeji ya tabaka nne: pamba laini, krepu, bandeji inayovutika, na ya juu inayojishika yenyewe. Ilibuniwa katika hospitali ya Charing Cross, London, miaka ya 1980. Inakaa mpaka wiki nzima, ikifunguliwa inatupwa yote. Kwa kuitazama dukani ni ghali, kwa sababu kila wiki ni seti mpya.

Bandeji ngumu, ile isiyovutika sana. Inafuliwa na kurudiwa. Mgonjwa akitembea inabana kwa nguvu, akilala inalegea. Dukani inaonekana rahisi kuliko ya tabaka nne.

Lakini angalia lililotokea walipozishindanisha. Jaribio la VenUS I, majibu yake ya 2004, wagonjwa 387. Waliofungwa tabaka nne, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 92. Waliofungwa bandeji ngumu, siku ya 126. Ile iliyoonekana ghali ikatoka rahisi hesabu ilipofungwa, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya kidonda si bandeji. Ni muda wa muuguzi, kufungua na kufunga, wiki baada ya wiki.

Naongeza kitu hapa. Hesabu ile imefanywa mahali ambapo muda wa muuguzi ni ghali na serikali inaulipia. Pale ambapo binti au mke ndiye anayefunga nyumbani baada ya kufundishwa, na bandeji inatoka mfukoni mwa familia, bandeji ya kufua inaweza kuwa ndiyo pekee itakayodumu mpaka kidonda kifunge. Bandeji bora iliyokatizwa wiki ya tatu kwa kukosa fedha haijamponya mtu. Mimi ningechagua ile ambayo familia ina uhakika wa kuiendeleza.

KakaMkubwa

Mimi nina wasiwasi kidogo, mkuu, naomba unielewe vizuri. Babu zetu walikuwa na vidonda, wakapona bila bandeji za kampuni. Je, hii si njia nyingine ya kutuuzia vitu? Kila miaka michache kinakuja kifaa kipya na kila kimoja ni "bora".

MuuguziVidonda

Swali halali, kaka. Kubana mguu ni tiba ya zamani kuliko kampuni zenyewe. Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Ujerumani, alieneza bandeji iliyopakwa uji wa zinki tangu karne ya 19, na mpaka leo bandeji hiyo inatumika, ikikauka inakuwa ngumu kama buti. Kanuni ni ileile. Na uchambuzi mkubwa wa tafiti zote zilizopo, wa mwaka 2021, ulikuta kwamba wanaobanwa miguu wanapona haraka zaidi kuliko wasiobanwa, na maumivu yanapungua.

Kuhusu wengi wa zamani kupona bila bandeji, wengine walikaa na vidonda hivyo mpaka wakafa navyo. Tunakumbuka zaidi waliopona.

Ila nakubaliana nawe kwenye jambo moja. Si lazima kifaa cha jina kubwa. Nguvu ya bandeji inafuata mambo manne: umeivuta kiasi gani, umeweka tabaka ngapi, upana wake, na unene wa mguu. Ukiongeza tabaka, mgandamizo unaongezeka. Mguu mwembamba unabanwa zaidi kuliko mnene kwa uvutaji uleule. Kwa hiyo mama mwembamba mwenye muundi uliochongoka anaweza kuchubuliwa na bandeji ileile inayomfaa mtu mwenye mguu mnene, na ndiyo sababu pamba laini inatangulia, hasa juu ya mifupa. Anayefunga akijua haya, anafanya kazi nzuri kwa bandeji ya kawaida ya kubana. Asiyejua ataharibu hata ile ya bei ya juu. Kwangu mimi fedha ya kwanza inayostahili kutumika ni ya kumfundisha mfungaji.

MguuMzito

Niseme kama mgonjwa. Kidonda changu kilifunga baada ya kubanwa tabaka nne. Nilifurahi, na familia ilifurahi. Siku ya mwisho kliniki nikaambiwa nivae soksi za kubana maisha yangu yote. Bima yangu ikakataa. Barua ilisema kidonda kimepona, kwa hiyo hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Soksi nikashindwa kununua, nikavaa za kawaida. Kidonda kikarudi, palepale, na safari hii kikubwa kuliko cha kwanza.

Na kiliporudi, bima ikalipa! Gozi, kliniki, antibiotiki, yote. Mpaka leo naumia nikifikiria. Walikataa kulipia jozi ya soksi, wakalipa miezi na miezi ya kidonda. Na miezi hiyo sikufanya kazi, hakuna aliyenilipa hiyo.

Ng'ambo

Pole sana, MguuMzito. Si kwako peke yako. Huku Marekani Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipia soksi zenye mgandamizo wa milimita 30 hadi 50 za zebaki ikiwa mgonjwa ana kidonda cha vena kilicho wazi. Kikifunga, soksi za kuzuia kisirudi ni juu yako. Nilipoielewa sheria hiyo nilishindwa kusema kitu. Mwaka 2024 zilianza kulipiwa nguo za kubana kwa wenye ugonjwa wa uvimbe wa limfu, baada ya sheria kupitishwa, lakini mwenye historia ya kidonda cha vena tu hakuingizwa humo.

Na Australia wauguzi wa vidonda wamelilalamikia jambo hili miaka mingi, kwamba wagonjwa wengi wanajilipia bandeji na soksi wenyewe, na wengi wao ni wazee wanaoishi kwa pensheni.

MuuguziVidonda

MguuMzito, pole ndugu yangu, na asante kwa kulisema. Umeeleza kitu ambacho takwimu zinakieleza kwa ubaridi. Kuna uchambuzi wa rekodi za wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa 2018. Ndani ya mwaka mmoja ni asilimia 53 tu ya vidonda vya vena vilivyokuwa vimepona. Na kidonda ambacho hakikupona kiligharimu mara nne na nusu ya kilichopona. Mara nne na nusu! Mlipaji anayebana matumizi kwenye bandeji anajiongezea deni.

Na kuchelewa nako kuna bei yake. Watafiti wa Marekani, mwaka 2004, walionyesha kwamba kidonda kidogo kuliko sentimita 10 za mraba na chenye umri chini ya mwaka kina uwezekano wa asilimia 29 wa kutopona ndani ya wiki 24. Kikiwa kikubwa kuliko hapo na kimezidi mwaka, asilimia 78. Kwa hiyo kila mwezi familia inaojaribu hiki na kile, mguu unasogea kutoka kundi la kwanza kwenda la pili.

MfamasiaMstaafu

Naomba niingie kwenye soksi, kwa sababu nimeziuza miaka mingi na nimeona watu wakitupa fedha mbele ya macho yangu.

Kwanza, usinunue soksi mguu ukiwa umevimba. Mtu anapimwa jioni, mguu umejaa, anachukua saizi kubwa. Baada ya wiki chache uvimbe unashuka, soksi inapwaya, haina kazi. Tumieni bandeji kwanza mpaka uvimbe utulie, halafu mpime asubuhi mapema, kabla ya shughuli. Pima mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba zaidi, mzunguko wa shavu la mguu palipo panene zaidi, na urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya goti.

Pili, nunua jozi ya pili kadiri unavyoweza. Moja mguuni, moja kwenye kamba. Soksi inayovaliwa kila siku bila kupumzishwa inachoka upesi. Kwa matumizi ya kila siku inabadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Haijatoboka, lakini nguvu ya kubana imekwisha. Wagonjwa wengi wanaivaa miaka miwili kwa kuwa inaonekana nzima.

Tatu, glavu za mpira. Zile za kuoshea vyombo. Zinashika kitambaa wakati wa kuvaa, kucha hazichani nyuzi. Hicho ndicho kitu cha bei ndogo kinachookoa kitu cha bei kubwa.

Osha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, usikamue kwa kusokota, ikaushe kivulini. Joto kali na jua vinaua mpira. Na mafuta ya ngozi yapakwe usiku, si dakika moja kabla ya kuvaa.

BintiMlezi

Baba mfamasia, shikamoo, na asante. Swali langu: mama bado ana kidonda kilicho wazi. Soksi ni mpaka kifunge, au anaweza kuvaa sasa? Maana nikisikia jozi mbili zinazofuliwa, naona nafuu kuliko kununua bandeji kila wiki.

MuuguziVidonda

Anaweza, dada, kama uvimbe umeshuka na majimaji si mengi. Kuna seti maalum ya soksi mbili: ya ndani nyepesi inashika gozi, ya juu ndiyo inayobana, na zikiwa pamoja zinafikia milimita 40 za zebaki. VenUS IV, jaribio la 2014 lenye wagonjwa 457, lililinganisha seti hiyo na bandeji ya tabaka nne. Nusu ya wenye soksi walipona ndani ya siku 99, nusu ya wenye bandeji ndani ya siku 98, kwa hiyo hakuna tofauti. Baadaye vidonda vilirudi kwa asilimia 14 ya waliopona kwa soksi na asilimia 23 ya waliopona kwa bandeji. Na soksi zilikuwa na gharama ndogo kwa jumla.

Ila usikimbilie. Katika kundi la soksi asilimia 38 walibadilishiwa tiba njiani, kwa bandeji ilikuwa asilimia 28. Wengine walishindwa kuzivuta, wengine ziliwauma. Mama mwenye vidole vyenye baridi yabisi anayeishi peke yake hatazivaa. Mama mwenye binti nyumbani asubuhi na jioni, kama wako, ana nafasi nzuri.

Kuna pia vifungo vya velkro, vinavyozungushwa mguuni na kukazwa kwa mkono. Bei yake ukiitazama mara moja inatisha, lakini vinafuliwa, vinatumika miezi, na mguu ukipungua unavikaza badala ya kununua vingine. Kwa mguu ambao uvimbe unapanda na kushuka, vinaweza kuwa rahisi kuliko vyote mwisho wa safari.

Mtulivu

Habari zenu. Baba yangu ana kisukari na ana kidonda mguuni. Nimesoma uzi nikataka kukimbia kununua hizo soksi leo. Nifanye hivyo?

MuuguziVidonda

SUBIRI, ndugu yangu. Tafadhali usinunue chochote leo. Hili nililiahidi juu, nalisisitiza kwa sababu mguu unaweza kupotea.

Kabla ya kubana mguu kwa nguvu, lazima ateri zipimwe. Ateri ndizo zinazoleta damu mguuni. Zikiwa zimeziba na wewe ukabana, unaikata damu kidogo iliyobaki, na nyama inakufa. Kipimo kinafanywa kwa kifaa cha mkononi kiitwacho dopla: shinikizo la damu la kifundo linagawanywa kwa la mkono. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1.3, kwa kawaida mguu unaweza kubanwa kikamilifu. Chini ya 0.5 ni hapana, mgonjwa apelekwe haraka kwa mtaalamu wa mishipa ya damu. Katikati ya hapo kubana kunapunguzwa na kunasimamiwa na mjuzi.

Kwa mwenye kisukari namba hiyo inaweza kudanganya. Ateri zinakuwa ngumu, hazikubali kubanwa na kipimo, jibu linatoka kubwa wakati damu ni ndogo. Kwa baba yako waombe wapime shinikizo la kidole gumba cha mguu pia. Isitoshe, kidonda cha kisukari mara nyingi kiko kwenye unyayo au vidole, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Dalili za kukufanya usibane na uwahi hospitali: mguu wa baridi kuliko mwenzake, maumivu makali usiku yanayopungua akiuning'iniza mguu chini ya kitanda, vidole vilivyofifia rangi au kugeuka bluu, kidonda chenye kingo zilizokatika wima kama kimepigwa shimo. Mwenye moyo ulioshindwa na ambaye bado hajatulia kwa dawa naye asibanwe bila daktari wake kujua.

Dopla ni kipimo kifupi na hakiumi. Katika gharama zote tulizozitaja humu, hii ndiyo ambayo sitaki mtu airuke.

Mtulivu

Nimekuelewa. Kidonda chake kipo chini ya kidole gumba. Nampeleka.

KakaMkubwa

Dada, nimesoma mpaka hapa na nimebadilika mawazo kwa kiasi. Lakini kuna upande hatujaugusa. Kama tatizo ni vilango vya vena, kwa nini tusizitengeneze hizo vena badala ya kununua soksi maisha yote?

MuuguziVidonda

Umefika pazuri, kaka. Inafanyika, na wagonjwa wengi hawaambiwi.

Mwaka 2004 jaribio la ESCHAR, wagonjwa 500, lililinganisha kubana peke yake na kubana pamoja na upasuaji wa vena za juu ya nyama. Kupona kulikuwa sawa. Lakini kufikia miezi 12 vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 12 ya waliofanyiwa upasuaji, na asilimia 28 ya waliobanwa tu. Halafu 2018 likaja EVRA, wagonjwa 450. Siku hizi vena inazibwa kwa joto au dawa kupitia sindano, mgonjwa akiwa macho. Waliozibwa mapema, huku wakibanwa, nusu yao walipona ndani ya siku 56. Walioahirishwa, siku 82.

Ona kwamba hata hapo bandeji haikuondoka. Kuziba vena ni nyongeza juu ya kubana. Na si kila vena inazibika: wenye damu iliyoganda katika vena za ndani wana hesabu nyingine. Lakini kwa mlipaji, iwe bima au familia, gharama ya mara moja inayopunguza kurudi kwa kidonda inastahili kupigiwa mahesabu mapema, si baada ya miaka ya gozi. Ombeni picha ya vena kwa ultrasound mara kidonda kinapotambuliwa.

MguuMzito

Mimi sikuwahi kuambiwa hili. Hata mara moja.

MfamasiaMstaafu

Niongeze la antibiotiki, kwa kuwa limetajwa na MguuMzito. Nimewaandalia watu vidonge hivyo kwa mikono yangu, kopo baada ya kopo. Kila kidonda cha muda mrefu kina bakteria juu yake. Hiyo haimaanishi maambukizi. Antibiotiki ni kwa kidonda chenye wekundu unaotambaa, joto, usaha, maumivu yanayozidi, homa. Bila hayo hakifungi haraka zaidi kwa vidonge. Kuna dawa moja ya kumeza yenye ushahidi wa kusaidia, pentoksifilini, miligramu 400 mara tatu kwa siku, lakini nayo ni msaidizi wa bandeji, inaandikwa na daktari, na tumbo la wengine haliipendi.

Kutembea na kunyanyua visigino hakugharimu kitu. Shika kiti, inuka kwa ncha za vidole, shuka polepole, rudia, ukiwa umebanwa. Ule msuli wa shavu ndio pampu yenyewe.

BintiMlezi

Naomba kuuliza la mwisho kwangu. Kesho kutwa tunampeleka mama kliniki ya vidonda. Niulize nini ili tusirudi na mfuko wa gozi tena? Na nikienda bima niseme nini?

MuuguziVidonda

Kliniki uliza jibu la dopla, na uliandike kwenye kadi yake kwa tarehe. Uliza kidonda kina ukubwa gani leo kwa sentimita, wakichore kwenye karatasi ya plastiki angavu ubaki na nakala. Kila baada ya wiki mbili chora tena juu ya ileile. Eneo lisipopungua ndani ya wiki 4 za mwanzo za kubanwa vizuri, rudini mapema, msiendelee kununua. Na kikipita miezi 3 bila kusogea, ombeni kipande kidogo cha nyama ya ukingo kipimwe, kwa sababu saratani hujificha kwenye donda la muda mrefu. Mwombe muuguzi amfunge mama mbele yako, kisha wewe ufungue na umfunge mama huku anakuangalia. Usiondoke kabla hujafanya hivyo.

Bima, usiende na risiti ya bandeji peke yake. Nenda na barua ya daktari inayosema mambo matatu: ugonjwa ni wa vena na haumaliziki kidonda kikifunga, mgandamizo ulioandikwa ni milimita ngapi za zebaki, na soksi zinabadilishwa kila baada ya miezi mingapi. Ambatanisha jumla ya walicholipa mwaka uliopita kwa gozi, dawa na mahudhurio ya mama. Wawekee namba hizi mbili kwenye karatasi moja, gharama ya soksi za mwaka na gharama ya kidonda ya mwaka. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha ukate rufaa kwa karatasi hiyohiyo.

MguuMzito, na wewe fanya hivyo. Barua uliyopewa usiitupe. Inaonyesha walikataa kinga, na malipo yao wenyewe yanaonyesha kilichofuata.

MguuMzito

Ninayo. Naitafuta sasa hivi.